KUWAKA SI KUDUMU



Hapa Hewani niliongeza kasi ya prosesa ya kompyuta ya kanisa, kutoka gigahezi 3.5 hadi 4.2. Ikawaka vizuri, nikashangilia. Jumapili, jua likiwa kali, ikazima katikati ya ibada. Rekodi ikapotea, pamoja na ushuhuda ambao mama mmoja alikuwa ameungojea miaka mingi. Niliumia. Nikamwomba msamaha.

Kijana wetu wa mitambo akaniambia kwa upole, "Pasta, kuwaka si kudumu." Akarudisha kasi ya kawaida, akaipandisha kidogo kidogo. Kila hatua aliipa prosesa kazi nzito kwa saa kadhaa, akiangalia joto na makosa. Joto likikaribia nyuzi 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Tukaishia 3.8.

Nikajiona mimi. Nimeongeza mikutano, mikesha na safari za Garsen, lakini nyumbani nimekuwa mkali. Soma Yakobo 1:2-4. Mpendwa, usijipime asubuhi ukiwa umepumzika. Jipime jioni, umechoka na umekosewa.

Mungu akubariki. Kama neno hili ni lako, sema Amina.