Sakafu Tatu za Nyumba Moja

Nyumba ya babu yetu katika Mji Mkongwe wa Unguja, kama zilivyo nyumba nyingi za mawe za pwani hii, ina vyumba virefu na vyembamba, ambavyo upana wake haukuamuliwa na matakwa ya mwenyewe bali na urefu wa boriti. Kwani mti wa mkoko hauaminiki kubeba sakafu ukizidi mita tatu hivi baina ya ukuta na ukuta. Juu ya boriti hizo mafundi wa zamani walipanga mawe ya matumbawe, wakamwaga zege la chokaa, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa kuwa vibarua walisimama safu kwa safu, wakaipiga sakafu kwa miti siku baada ya siku, huku wakiimba, hata ikashikamana. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alipotuhadithia habari hizo alikuwa akigonga magoti yake kwa mapigo ya nyimbo zile, walakini maneno yake hakututajia, akidai kwamba mengine hayakulaiki masikioni mwa watoto.

Marehemu baba aliiona sakafu ile kuwa ya kikale, yenye vumbi na mabonde. Na kwa kuwa kiwanda cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilikwisha kuanza kutoa saruji mwaka 1966, aliita fundi akaifunika yote kwa saruji iliyotiwa rangi nyekundu, nasi tukaamrishwa kuisugua kwa nta kila Alhamisi, ili wageni wa Ijumaa waikute iking'aa kama sinia la shaba. Ilipendeza mno, na hata leo sithubutu kuikejeli.

Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilipobomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, kila mwenye nyumba ya mawe alianza kuitazama dari yake kwa shaka, nasi tukaazimia kuifumua sakafu ya juu. Chini ya saruji tulikuta vichwa vya boriti, pale vinapoingia ukutani, vimeoza hata vikamomonyoka mkononi, ilhali katikati mti ungali mgumu hauingiliki msumari. Fundi alitufahamisha kwamba chokaa hunyonya maji yavujayo na kuyaachia hewani, bali saruji huyafungia chini yake. Na juu ya hayo, ule uzito wa tabaka la pili haukuwamo katika hesabu ya waliojenga.

Boriti mpya hazikupatikana kwa wepesi, maana ukataji wa mikoko sasa una mipaka ya sheria. Chokaa nayo ilitaka subira ya kulowekwa na kulazwa kabla ya kutumiwa. Hatimaye vijana wakaipiga sakafu kwa zamu, nyimbo zao zikitoka katika simu.

Ukumbi wa chini, usiokalia boriti, shemeji yangu aliung'ang'ania uwekwe vigae vyeupe, akapewa. Fundi alimwonya kwamba unyevu wa ardhini, ukikosa pa kutokea sakafuni, utapanda ukutani; naye akajibu kwamba ukuta utapakwa chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, kama ulivyopakwa siku zote.