Jina la Aliyetangulia

Waama, nilidhani mpiga chapa amekosea.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na mhadhiri wetu wa somo la istilahi alikuwa ametupa zoezi. Kila mwanafunzi achague uwanja mmoja wa maarifa, akusanye istilahi 40 za uwanja huo, kisha azitafutie visawe vya Kiswahili. Wenzangu walikimbilia siasa, kilimo na udaktari. Mimi nilichagua usafiri wa angani kwa sababu isiyo na uzito wowote: rafu ya vitabu vya ndege katika maktaba yetu ilikuwa kando ya dirisha lililopokea jua la asubuhi, na Julai hiyo ilikuwa na baridi kali. Hapo ndipo nilipokutana na kitabu kikuukuu kuhusu kampuni ya Douglas ya Marekani. Katika ukurasa mmoja palikuwa na mchoro wa ndege ya abiria isiyo na injini mbawani wala rafadha puani. Rafadha zake mbili zilikuwa mkiani, nyuma kabisa, moja ikiifuata nyingine. Chini ya mchoro paliandikwa: DC-8.

Kurasa kadhaa mbele nikaikuta DC-8 nyingine. Hii ilikuwa jeti ndefu yenye injini nne zinazoning'inia chini ya mabawa, nayo ilipigwa picha ikiwa angani. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikarudi tena. Kosa halikuwa la mpiga chapa. Kulikuwa na DC-8 mbili, na ile ya kwanza haikuwahi kuundwa.

Namwomba radhi msomaji anayejiuliza ndege za Wamarekani zimefuata nini katika jarida la Kiswahili. Naomba anivumilie kidogo.

Donald Douglas alianzisha kampuni yake huko California mwaka 1921. Tangu 1933, ndege zake za abiria zilibeba herufi DC na nambari kwa mfuatano. Iliyovuma kuliko zote ni DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Ukijumlisha na zile za kijeshi, zaidi ya 10,000 ziliundwa. Wazee wetu waliijua kwa jina la Dakota. Shirika la East African Airways liliitumia, na baadaye likanunua DC-9 pia, kabla ya kuvunjika mwaka 1977. Kwa hiyo ukoo huu wa DC si mgeni kabisa kwetu, ingawa niliyemtafuta mimi hakufika huku wala kokote.

DC-8 ya kwanza ilichorwa Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vikimalizika. Mzazi wake alikuwa ndege ya kudondosha mabomu iliyoitwa XB-42, ambayo iliruka mara ya kwanza mwezi wa Mei 1944. Wahandisi wa Douglas walikuwa wamejiuliza swali ambalo kwa mtazamo wangu lilikuwa la kishairi: je, bawa likiachwa libaki bawa tu? Injini inayofungwa mbawani huisumbua hewa inayopita, na hewa iliyosumbuliwa huivuta ndege nyuma. Basi wakazificha injini mbili ndani ya kiwiliwili cha ndege, upande wa mbele, na kupeleka nguvu zake mkiani kwa mihimili mirefu ya chuma inayozunguka. Huko nyuma, rafadha moja ilizunguka huku na ya pili ikazunguka kule. Faida ilikuwa zaidi ya kasi. Ndege ya kawaida yenye injini mbili, moja ikizimika, huvutwa upande na kumpa rubani kazi ya kupigana nayo. Hii isingevutwa, kwa kuwa msukumo wote ulitoka mahali pamoja, katikati ya mkia.

Wala hayakuwa maneno ya karatasini tu. Desemba 1945 XB-42 iliondoka Long Beach, California, ikavuka bara zima na kutua Washington baada ya saa 5 na dakika 17, kwa wastani wa takriban kilomita 700 kwa saa. Siku chache baadaye, tarehe 16 mwezi huohuo, moja kati ya zile mbili zilizokuwa zimeundwa ilianguka karibu na Washington. Waliokuwamo waliruka kwa miavuli wakasalimika. Kuna jambo dogo hapa ambalo sijaweza kulisahau: kwa kuwa rafadha zilikuwa nyuma, mtu akiruka zingeweza kumkatakata. Ndiyo maana ziliwekewa baruti, ili rubani azilipue zidondoke kwanza. Mtu aliyewaza hivyo alikuwa amekwisha kujiona akianguka.

DC-8 ilikusudiwa kuleta mpango huohuo kwa raia. Ingebeba abiria wapatao 48, injini zikinguruma chini ya sakafu waliyoikanyaga. Lakini mihimili mirefu huleta mtetemo, na injini iliyofungiwa ndani ni vigumu kuipoza. Kikubwa zaidi kilikuwa gharama. Vita vilipokwisha, jeshi la Marekani lilikuwa na ndege za uchukuzi tele zisizo na kazi, na mashirika yakazipata kwa bei ya kutupa. Nani angenunua fumbo la bei ghali ilhali Dakota ilikuwa inauzwa kama shati la mitumba? Mchoro ukafungiwa.

Haikuwa peke yake. Mwaka 1944 shirika la Pan American liliagiza ndege 26 zilizoitwa DC-7, ambazo zingekuwa ndugu wa kiraia wa ile ndege kubwa ya kijeshi C-74. Amani ilipokuja, agizo likafutwa na hakuna hata moja iliyoundwa. Baadaye, Mei 1953, ndege nyingine kabisa ikaruka kwa jina la DC-7. Mwaka 1955 kampuni ikatangaza jeti yake ya kwanza ya abiria. Nambari iliyofuata katika hesabu ilikuwa nane, na nane hiyo ilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe hakuzaliwa. Jeti ikapewa. Iliruka tarehe 30 Mei 1958, zikaundwa 556, na hadi leo mtu akitaja DC-8 ndiyo anayoikusudia. Nadhani kampuni haikutaka kuiruka nambari. Mnunuzi anayehesabu kutoka saba hadi tisa huuliza nane ilikwenda wapi.

Hapo ndipo nilipokifunga kitabu nikatoka nje.

Kwetu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Si ombi, ni deni. Kaka yangu alizaliwa, akapewa jina hilo, akaishi miezi minne, akafariki kwa homa ya mapafu. Mimi nilizaliwa baadaye. Deni lilikuwa halijalipwa, nami nikapewa jina lilelile. Jina lenyewe lina maana ya aliyefufuka; msomaji ajuaye Kikuyu ameshalikisia.

Sikuwa nimeambiwa haya. Niliyagundua nikiwa shule ya upili, tulipotakiwa kuleta nakala za vyeti vya kuzaliwa ili tusajiliwe kwa mtihani wa kitaifa. Cheti alichonipa baba kilikuwa na majina yangu yote matatu, lakini tarehe haikuwa yangu. Kilinizidishia umri kwa miaka miwili na miezi mitatu. Baba alinieleza kwa utulivu kwamba cheti kilikuwepo tayari, jina ni hilohilo, na safari ya kwenda kusajili mtoto mwingine ingekula nauli na siku nzima ya kazi. Mama alikuwa anachambua maharagwe kando ya moto. Hakuinua kichwa.

Basi nikafanya mtihani kwa tarehe ya marehemu. Nikachukua kitambulisho kwa tarehe ya marehemu. Katika makaratasi ya serikali mimi ni yeye, na yeye hakufa. Kwa muda mrefu jambo hili lilinikera kwa namna nisiyoweza kuieleza. Wakati mwingine nilijiona kama mpangaji aliyehamia nyumba ambayo nguo za mtu zingali zimeanikwa uani. Wakati mwingine, na hili ninaliandika kwa haya, nilijifariji kwamba yule alikuwa jaribio tu, rasimu iliyofutwa, na kwamba mimi ndiye nakala safi.

Mchoro ule wa maktabani ulinivunjia faraja hiyo. Kati ya DC-8 mbili hakuna hata boliti moja iliyorithiwa. Ya pili haikuwa ya kwanza iliyosahihishwa. Ya kwanza ilikuwa na wazo lake, bawa lake tupu, rafadha zake mkiani, na ujasiri ambao ile jeti, pamoja na fahari yake yote, haikuuhitaji. Iliitwa kwa jina hilo kabla, na haikuitwa hivyo kwa niaba ya mtu. Katika mihadhara ya semantiki tunafundishwa kwamba uhusiano wa neno na kirejelewa chake ni wa kinasibu tu. Nimelijibu swali hilo katika mitihani miwili na kupata alama nzuri, lakini asubuhi ile sikuamini hata herufi moja ya nilichokiandika.

Niliwasilisha istilahi zangu 40. Katika mfano wa matumizi ya neno rafadha nilikuwa nimeandika kwamba rafadha za DC-8 zilikuwa mkiani. Karatasi iliporudi, mhadhiri alikuwa ameuzungushia mfano huo wino mwekundu na kuandika pembeni: “DC-8 haina rafadha.” Nilimfuata ofisini nikiwa na kitabu. Aliutazama mchoro kwa muda, akavua miwani, akaitazama tarehe, akaniuliza kwa upole, “Hivi kumbe ilikuwepo?” Nikamjibu kwamba haikuwepo, Mwalimu, lakini ndiyo iliyotangulia. Alicheka, akanirudishia alama yangu.

Likizo ya Desemba mwaka huo nilimwuliza mama jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwuliza: yule mtoto alikuwaje? Nilitarajia anyamaze. Badala yake alijibu upesi, kama mtu aliyengoja kuulizwa kwa miaka ishirini.

“Hakupenda kubebwa mgongoni,” alisema. “Wewe ulikuwa hushuki. Yeye alitaka alazwe chini ya mti, atazame majani. Na alikuwa na paji la uso la kwetu, si la kina baba yako. Ukilia wewe, kijiji kizima kilijua. Yeye alilia kama anayeomba radhi.”

“Na jina, Mama? Hukuona vigumu kuniita hivyo?”

“Mwaka wa kwanza nilikuita ‘mtoto’,” alisema, akaendelea na kazi yake.

Jioni tulishuka pamoja hadi mwisho wa shamba, pale penye majani chai ya jirani, kuangalia kama fuko wameharibu viazi. Sikuwa najua kwamba ndipo alipozikwa. Hapana msalaba wala jiwe, ila mche wa muiri uliokwisha kuwa mti mkubwa. Mama alisimama, akaweka mkono kwenye gome, akalitaja jina letu kwa sauti ya chini.

“Naam, Mama,” nikaitika.

Hakugeuka. Hakuwa akiniita mimi.