Chakula cha Barabarani Katika Mji wa Unguja

Msafiri atokaye Kenya kwenda Unguja aghalabu huvuka kwa meli ya Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi baharini. Akiuliza mahali pa kula chakula cha jioni, kila mtu humjibu neno moja tu: Forodhani. Jibu hilo si baya, walakini si jibu zima. Na mtu aliyesafiri kwa fedha za kuhesabu yampasa kujua tofauti kabla hajapewa sahani.

Forodhani ni bustani iliyo ukingoni mwa bahari, mbele ya Ngome Kongwe na jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na ambalo sehemu yake ilianguka mwezi wa Desemba 2020. Jina lake latokana na forodha iliyokuwa hapo zamani. Bustani yenyewe ni ya mwaka 1936, ikatengenezwa upya mwaka 2009. Mchana ni mahali pa kivuli, na vijana hurukaruka majini kutoka ukutani. Jua likisha kutua, meza hupangwa safu safu, mkaa hupepewa, na wapishi waliovaa kofia ndefu nyeupe huwaita wageni kwa Kiingereza, Kiitaliano na lugha nyingine walizojifunza papo hapo kazini. Mezani mna kamba, ngisi, pweza na vipande vya samaki vilivyochomekwa vijitini, vyote ving'aavyo chini ya taa.

Kung'aa huko ndiko kunakoponza. Vingi katika vyakula hivyo vimekwisha kupikwa mapema, na mnunuzi akifika hupashwa moto tu; pweza aliyepashwa moto mara ya pili hutafunika kama kiatu. Tena bei haitajwi mpaka sahani imejaa. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi nyingi za Tanzania, naye mgeni mwenye noti za maelfu mfukoni hujiona tajiri kwa muda wa saa moja. Mwenyeji hafanyi hivyo. Huuliza bei ya kila kijiti kabla hakijaguswa, huchagua kile anachokiona kikichomwa mbele ya macho yake, na muuzaji akisitasita huenda meza ya pili.

Kitu kimoja hapo hupikwa kwa hakika mbele ya mlaji, nacho ni kile kiitwacho pizza ya Zanzibar. Donge la unga hutandazwa mpaka likawa jembamba kama kitambaa, likatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho na yai, kisha likakunjwa pande nne na kukaangwa juu ya chuma kipana. Mtu wa Mombasa hatadanganyika na jina hilo; atatambua mara moja kuwa ni ndugu wa mkate wa mayai. Hata hivyo ni tamu, hasa ile ya nyama. Ile itiwayo ndizi na chokoleti yafaa kuachiwa watoto.

Lakini chakula ambacho Waunguja wenyewe hukitamani wakiwa mbali na kwao ni urojo. Huo haungoji usiku wala haupambwi. Wauzaji wake wamo vichochoroni katika Mji Mkongwe na ng'ambo ya pili ya Darajani, wengi wao wakiwa kinamama wenye sufuria kubwa mbele ya nyumba, na wateja wao ni wanafunzi, makarani na wachukuzi. Msingi wake ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, uliokorogwa kwa unga na bizari, ukatiwa ukali kwa embe mbichi, ukwaju au ndimu. Ndani ya bakuli hutangulia viazi vya kuchemsha. Hufuata bhajia za dengu, kachori, vipande vya mishkaki, na pengine yai. Juu yake humwagwa chatini ya nazi, pilipili, na mihogo iliyokatwa vyembamba na kukaangwa mpaka ikakauka. Mlaji hana budi kuuwahi, kwani mihogo hiyo ikilowa, nusu ya utamu imepotea. Uchachu, moto wa pilipili, ulaini wa kiazi na mlio wa muhogo hukutana katika kijiko kimoja, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya sahani ya Forodhani.

Mkulima asomaye haya atapenda kujua kuwa bakuli hilo ni la bara na pwani pamoja. Nazi, muhogo, embe na ndimu ni mazao ya shamba za kisiwani. Viazi na unga wa ngano huja kwa vyombo kutoka nje, kwa maana joto la Unguja halivipendi. Majina bhajia, kachori na chatini yatoka Bara Hindi. Basi bahari ikichafuka na vyombo vikichelewa, hata mama wa urojo hupata habari.

Kwa kiu yafaa maji ya miwa, yakamuliwayo kwa mashine ya magurudumu pamoja na tangawizi na ndimu. Mwezi wa Ramadhani, mgeni asitafute cho chote cha kula barabarani mchana. Na angoje magharibi, ndipo meza zitokeapo kila pembe.

Akisha kula, yampasa kufuata mlio wa vikombe mpaka kwenye baraza ya kahawa. Ile ijulikanayo sana ni Jaws Corner, njia panda iliyo katikati ya Mji Mkongwe, ambako wanaume hukaa juu ya baraza za mawe wakicheza na kubishana juu ya siasa na mpira. Kahawa humiminwa chungu, bila maziwa, katika kikombe kisichojaza kiganja, na kashata huwekwa kando. Hapo hakuna aulizwaye atokako mpaka amemaliza kikombe cha kwanza.