Utumbo Uliojimeza

Utazame, msomaji mpendwa, mkono wa shati refu. Ukiishika ncha yake na kuisukuma ndani, kitambaa hujitia katika kitambaa, sehemu moja ikafichwa na nyingine. Utumbo wa mtoto mchanga waweza kufanya vivyo hivyo. Mwisho wa utumbo mwembamba hutumbukia katika utumbo mpana. Na kwa kuwa ni desturi ya utumbo kusukuma mbele kila kilichomo ndani yake, hujisukuma wenyewe kana kwamba ni chakula. Katika chuo cha ualimu tulichora matumbo kwa chaki kama mabomba yaliyotulia, na wala hatukuambiwa kwamba yaweza kujimeza.

Nakuandikia habari hii kwa kuwa huenda wewe, kama wengi wa wanafunzi wangu hapa Lurambi, ndiwe uachiwaye mtoto mama aendapo shambani au sokoni Kakamega. Maradhi haya huwapata zaidi watoto wa miezi 4 hadi 9, ingawa hata mwenye miaka 2 hasalimiki. Aghalabu humpata mtoto mnene mwenye afya, aliyekuwa akicheka jana. Chanzo chake mara nyingi hakijulikani. Pengine ni tezi ndogo za utumboni zilizovimba baada ya mafua au kuhara.

Mtoto hulia ghafula, kilio kikali, akayakunja magoti hadi tumboni na uso ukampauka. Baada ya dakika chache hunyamaza, hata akalala. Zikipita dakika 15 au 20, kilio kile kile hurudi. Huo ukimya wa katikati ndio udanganyao watu. Jirani atasema ni meno. Bibi atasema ni chango, au jicho baya, amkande tumbo kwa mafuta. Na kwa kuwa mtoto hunyamaza kila baada ya kukandwa, dawa huonekana imefaa. Hapo saa zinapita. Hufuata kutapika, kwanza maziwa, kisha maji ya kijani. Mwisho huja choo cha damu iliyochanganyika na ute, ambacho wengi hukidhania kuwa ni kuhara damu. La hasha! Mishipa iliyovutwa ndani pamoja na utumbo imebanwa. Damu yaingia lakini haipati njia ya kurudi, nayo yavuja. Ikizidi kubanwa, utumbo hufa na kutoboka.

Daktari mzoefu huweza kuugusa uvimbe kwa mkono, mrefu kama soseji, upande wa kulia wa tumbo. Lakini siku hizi ithibati hutoka katika picha ya mawimbi ya sauti, ambayo haimwumizi mtoto. Humo utumbo ndani ya utumbo huonekana kama kitunguu kilichokatwa kati, pete ndani ya pete.

Sasa nije kwenye jambo linalonistaajabisha zaidi. Mwaka 1876 Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa mji wa Copenhagen, alieleza jinsi alivyourudisha utumbo huo kwa maji tu, yaliyotiwa kwa mrija kupitia njia ya haja kubwa. Mwaka 1905 alitoa habari za watoto 107. Walikufa kama theluthi moja, nayo katika zama zile ilikuwa nafuu kubwa. Kazi ni ile ile hata leo. Kwanza mtoto hutiwa maji mishipani ili apate nguvu. Kisha chupa ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu hutundikwa kama mita 1 juu yake, au hewa husukumwa kwa pampu yenye kipimo, na daktari huangalia katika picha jinsi utumbo unavyorudi nyuma polepole. Mwaka 1986 madaktari wa China walichapisha habari za watoto 6,396 waliotibiwa kwa hewa, na zaidi ya 9 katika kila 10 walipona pasipo kisu.

Lakini maji na hewa vina masharti. Tumbo likiwa gumu kama ubao, au utumbo umekwisha kutoboka, au mtoto amelegea kabisa, hapana budi apasuliwe. Tena mpasuaji yafaa awe karibu hata pale maji yatumiwapo. Katika Afrika ya Mashariki wengi bado hupasuliwa, ama kwa kuwa hufika wamechelewa, ama kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kazi ile ya maji.

Wako pia waichukiao chanjo kwa ajili ya ugonjwa huu. Ni kweli kwamba chanjo moja ya virusi vya rota iliondolewa Marekani mwaka 1999 kwa sababu hiyo. Lakini ile tuliyoanza kuwapa watoto Kenya mwaka 2014 ni nyingine, na uchunguzi wa watoto 717 katika nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2018, haukuona kwamba iliongeza maradhi haya.

Msichana mmoja wa darasa langu alimlea mdogo wake wa miezi 7 wakati wa likizo. Mtoto alipolia mara ya tatu, aliandika saa nyuma ya daftari la hisabati: saa 3 na dakika 10, saa 3 na dakika 28, saa 3 na dakika 45. Bibi yake alipotaka mtoto aachwe alale, msichana alimwonyesha zile saa, akasema, "Kukhu, atalia tena kabla chai haijachemka." Akalia. Adhuhuri walikuwa hospitalini, na daktari alilisoma daftari kabla ya kumgusa mgonjwa. Maji yalitosha. Walibakizwa siku mbili wakiangaliwa, maana katika watoto 10 mmoja hivi hurudiwa, na aghalabu hurudiwa upesi. Mama yao alipewa maneno ya kushika: kilio cha kuja na kwenda kikianza tena, asingoje damu.