Saketi ya geti saba

Leo tuingie ndani ya chipu. Usiogope, hesabu yenyewe haipiti 3×3.

Nilitaka saketi ya kuzidisha namba mbili, kila moja kuanzia 0 hadi 3. Chuoni tuliijenga kwa geti 8: AND (hutoa 1 zikiingia 1 mbili) na XOR (hutoa 1 ikiingia 1 moja tu). Safari hii sikuchora chochote. Niliiandikia kompyuta programu inayofanya kama mkulima wa hapa Makueni anayechagua mbegu ya ndengu. Inaanza na saketi ya ovyo, inaizalia watoto wanne wenye mabadiliko ya kubahatisha, inawapima kwa michanganyiko yote 16, na mtoto bora anachukua nafasi ya mzazi, hata kama wametoshana alama. Njia hii ni ya Julian Miller wa Uingereza. Hapo kwenye kutoshana ndipo penye utamu, maana saketi inatangatanga bila faida yoyote hadi inapokutana na njia mpya.

Niliiacha ikifanya kazi usiku, malori ya barabara ya Mombasa yakipita. Asubuhi ilikuwa na alama 64 kwa 64, kwa geti 7.

Saba! Nikachukua kalamu. Kumbe katika hesabu hii kuna cha kubeba mara moja tu, kwenye 3×3, na biti ya juu kabisa nayo huwaka hapo tu, kwenye 9. Geti moja inatosha kwa yote mawili. Miller na wenzake walishaichapisha saketi ya geti 7 mwaka 2000, lakini mimi mwalimu hakunionyesha.

Si kila saketi ya namna hii husomeka kwa kalamu. Miaka ya 1990, Adrian Thompson wa Chuo Kikuu cha Sussex alikuza saketi ndani ya chipu halisi, itofautishe sauti za kilohezi 1 na 10. Ilifaulu, ila ilikuwa na sehemu zisizounganishwa na njia ya jibu ambazo ukizizima, saketi inaharibika!

Sasa jirani hapa Emali anataka saketi ya kuzima pampu ya kisima tanki likijaa. Programu itapendekeza, sawa. Lakini geti nisiyoweza kumweleza kazi yake, haifungwi kwenye pampu ile.