Mama Mkwe Hali Samaki



Wiki tatu kabla ya nikahi ya binti yetu, niliketi barazani kwangu hapa Kianjai na daftari la madrasa mapajani, nikaanza kuandika mahali tutakapokula. Nauli, malazi na nguo za harusi vilikuwa mikononi mwa mke wangu, na mke wangu hahitaji msaidizi. Mimi nilikabidhiwa jambo moja tu: mama yake, bibi wa bibi harusi, ateremke Mombasa na kurudi bila ya kulala na njaa hata usiku mmoja.

Yamkini msomaji wa Pwani atacheka. Aende mtu Mombasa, mji ambao ukitoka msikitini alfajiri harufu ya mahamri hukupokea kabla hujavaa viatu, kisha alale na njaa? Nami nilikuwa nikicheka vivyo hivyo, mpaka nilipoelezwa yaliyopita nyumbani kwangu mwenyewe mwaka 2003.

Binti huyu alipozaliwa tulikuwa tukiishi Mombasa. Mama mkwe alikuja kwa ajili ya akika, na nia yake ilikuwa akae wiki mbili. Siku ya akika alikula pilau ya mbuzi vizuri, tukafurahi. Siku zilizofuata mama yangu, Allah amrehemu, akamtolea vile vitu ambavyo Mswahili humtolea mgeni anayempenda: samaki wa kupaka, kamba wa nazi, wali wa nazi, maharagwe ya nazi. Kila alipoulizwa alijibu, "Nimeshiba." Siku ya nne akasema ng'ombe wake yu karibu kuzaa, akapanda basi akaenda zake. Sisi tukasema watu wa bara hawaliwezi joto.

Ilipita miaka mingi, tumeshahamia Kianjai, ndipo mke wangu akanieleza. Siku zile yeye alikuwa chumbani katika arubaini yake, hakuona kilichokuwa kikirudi jikoni. Mama yake hajapata kutia samaki kinywani tangu azaliwe. Kwa wazee wa Meru, na jirani zao wanaouzunguka mlima, samaki hakuwa chakula. Walimweka fungu moja na nyoka. Na nazi, ambayo kwetu ndiyo roho ya chungu, kwake ilinuka mafuta ya nywele. Alikaa siku tatu kwa chai na ndizi. Ng'ombe hakuwa na mimba.

Niliposikia hayo sikulala vizuri, kwa sababu mimi na mama huyu tulikuwa na deni la nyuma katika mambo ya chakula. Mwaka 1998, nilipofika kwake mara ya kwanza baada ya nikahi, alinichinjia jogoo. Alichinjwa na kijana wa jirani, asubuhi, kabla sijawasili. Mama ni Mmethodisti. Msomaji anaijua Aya ya tano ya Suratul Maida juu ya chakula cha Watu wa Kitabu, na anajua pia kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wana masharti mazito katika jambo hilo. Mlango huo siufungui hapa. Sikula, na mpaka leo sioni kosa katika kutokula. Kosa langu lilikuwa katika namna. Nilikuwa kijana, vitabu vya chuoni vingali moto kichwani, nikaigeuza sahani ya kuku kuwa darasa. Nilimsomesha mama mzima mbele ya majirani zake, kwa maneno ambayo hata nusu yake hakuyaelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaiondoa sahani, akaniletea ndizi mbivu.

Tangu siku hiyo, kila niendapo kwake humkuta jogoo yu hai, amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko, na kisu kilichonolewa kimewekwa juu ya jiwe. Nami huchinja kwa mkono wangu. Ndani kuna sufuria moja yenye kifuniko cha bluu, imetengwa peke yake. Haipikiwi kitu ila chetu. Hajapata kulitaja jambo lile la 1998 hata kwa mzaha.

Kuna Hadithi niliyowasomesha watoto wa madrasa labda mara hamsini, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliandaliwa, nyumbani kwa Bibi Maimuna (r.a.), nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani anayefanana na kenge. Akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa sivyo, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta nyama ile akala, na Mtume akimtazama. Siku zote niliisomesha kama mlango wa halali na haramu, wanafunzi waandike kwamba dhabb ni halali, tuendelee. Sikupata kumwona ndani yake mgeni aliyeketi mbele ya chakula cha heshima ambacho koo lake halikijui.

Sasa mama amepita miaka themanini, na ana sukari. Daktari amemwambia asipitishe saa nne bila ya kula, na vidonge vyake vifuatane na chakula. Kwa hiyo ile "nimeshiba" yake ya adabu, safari hii ingeweza kumwangusha.

Nikaanza na njia. Kutoka Meru mjini gari hushuka Nkubu, Chuka na Embu, likakata mashamba ya mpunga ya Mwea hadi Makutano, kisha Thika na Nairobi. Upande huu sikuwa na wasiwasi naye. Kila kituo kina chai ya maziwa, nduma, mayai na githeri. Mwenye kutafuta chakula hapo ni mimi. Na hapa nitawanong'oneza akina mama wa Pwani wanaosafiri bara: bango la "halali" ukutani si ushahidi. Nyama ya ng'ombe na mbuzi itokayo machinjio makubwa ya nchi hii aghalabu huchinjwa na Waislamu, lakini kuku wa hoteli ya kando ya barabara huchinjwa nyuma ya jiko na yeyote aliye karibu. Uliza ni nani aliyechinja, kwa sauti ya upole, na ukijibiwa kwa kusitasita agiza mayai. Usihutubu.

Nairobi tungelala Eastleigh kwa jamaa. Hapo daftari halikuhitajika. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 480. Mimi nilipenda treni ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ambayo humfikisha mtu kwa saa tano au sita. Mama alikataa. Alisema chombo ambacho huwezi kumwomba dereva asimame si chombo cha mtu mzee. Basi tukakubaliana kijana wetu atatuendesha, nami nikaandika kwa wino mwekundu: Makindu, saa nne asubuhi.

Wasafiri wengi wa njia ile wanalijua hekalu la Makalasinga la Makindu. Humo kila mpita njia, wa dini yoyote, hulishwa bila ya malipo: dengu, mboga, chapati, wali na chai. Utavua viatu na kufunika kichwa, basi. Nyama haiingii kabisa katika jiko lile. Kwangu mimi hapo hapana swali la kuchinja, na kwa mama hapana samaki wala nazi. Najua wapo ndugu watakaokunja uso wakisoma haya. Rai yangu ni kwamba dengu ni dengu. Kile kitamu wanachokigawa baada ya ibada yao nilikiacha kwa shukrani, na hakuna aliyenilazimisha.

Lakini daftari lilinivunjikia kabla ya kufika huko. Tuliondoka Nairobi baada ya Alfajiri, mama amekunywa chai na kipande cha mkate saa kumi na moja. Tulipofika Salama malori yalikuwa yamesimama foleni isiyoonekana mwisho. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Saa nne na nusu nilimtazama kwa kioo cha mbele nikaona mkono wake unatetemeka juu ya paja. Garini nilikuwa na maji, biskuti tamu na juisi ya pakiti, yaani mwenye kupanga chakula cha mgonjwa wa sukari hakuwa na kitu cha kumlisha ila sukari. Nikaanza kumlaumu kijana kwa kutopita njia ya kando, ambayo haikuwako.

Mama akamwambia mke wangu, kwa Kimeru, amvutie kiondo kilichokuwa miguuni. Nilikuwa nimekiona kiondo kile tangu Kianjai nikidhani kina nguo. Akafungua kitambaa: nduma zilizochemshwa, viazi vitamu, ndizi, na chupa ya chai iliyojaa uji wa wimbi, ule uliochachushwa, usiotiwa sukari, ambao hukaa siku bila ya kuharibika. Vilitosha watu watano. Hakuanza kula, alianza kugawa. Alipofika kwangu akanyoosha mkono kupita bega la kijana, akaniwekea nduma kiganjani.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Zimechemshwa kwa ile sufuria yenye kifuniko cha bluu."

Nilishukuru kwa sauti ambayo sidhani ilisikika.

Makindu tulifika saa saba, si saa nne, na dengu zilikuwa nzuri kama nilivyoahidi. Dhuhuri na Alasiri tulizikusanya Mackinnon Road, katika msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali. Tukaingia Mombasa usiku.

Mjini kulinipa kazi zaidi kuliko njia. Siku ya karamu haikuwa na shida, kwani biriani na pilau anazila. Shida ni siku nne nyingine. Nilimpeleka mke wangu Kongowea akanunua viazi na ndizi za kupika, ambazo nyingi hutoka huko huko bara. Tulizilipia bei ya Pwani kwa kitu tulichokiacha nyumbani. Mbaazi ndizo zilizotuokoa. Kwa Mswahili mbaazi ni za nazi na mahamri, lakini upande wa Tharaka hulimwa kwa wingi, na mama anazijua tangu utotoni. Shangazi yangu akakubali, kwa masikitiko makubwa, kuzichemsha kwa chumvi na kitunguu tu. "Mnamlisha mgeni chakula cha kifungoni," alinung'unika, na mama akarudisha sahani kuomba tena. Jioni moja tulikwenda Tarboush, barabara ya Makadara, kwa mishkaki ya kuku na nani. Hapo niliketi kwa raha, sikuulizwa wala sikuuliza. Pale bustani ya Mama Ngina alikula mihogo yenye ndimu na pilipili, akapewa maji ya dafu nusu tu, kwa hesabu ya daktari.

Jambo ambalo halikuwamo daftarini ni kahawa. Muuzaji alipita mtaani Mji wa Kale akigonganisha vikombe, dele lake la shaba mkononi na makaa chini yake. Mama akauliza ni kitu gani. Alizaliwa upande wa Imenti, na usichana wake wote aliuchuma katika mibuni. Wenyeji wa Meru walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa na serikali ya kikoloni kuilima, miaka ya 1930. Lakini nyumbani kwao hunywewa chai. Kahawa ilipelekwa kiwandani katika magunia, isirudi. Nikamletea kikombe ndani, kahawa tungu yenye tangawizi, isiyo na sukari, kwa hiyo halali kwake kwa upande wa daktari pia. Akanywa, akakaa kimya, akakinyoosha kikombe kijazwe tena. "Kumbe ndivyo ilivyo," akasema.

Siku ya mwisho, shangazi mwingine, ambaye hakuwa na habari ya mipango yangu, alikuja na sinia ya kumuaga: changu mzima wa kupaka, ameiva vizuri, nazi inametameta juu yake. Akaiweka mbele ya mama mbele ya wanawake wote wa nyumba, akangoja. Nikafungua kinywa kueleza. Mama akainua kiganja, kama anavyowanyamazisha wajukuu, akamgeukia shangazi.

"Asante, mwanangu. Hata Yesu alikula samaki, nimesoma," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Lakini Yesu hakuzaliwa Meru."

Nyumba nzima ikacheka, na shangazi kuliko wote. Katika miaka yote ya ukwe wetu, kwa heshima ya desturi za kwao, hatukuwahi kula tukitazamana. Mama akaishika sinia kwa mikono miwili, akaisukuma juu ya mkeka mpaka ikafika magotini kwangu.

"Kula wewe, Mwalimu."

Nikanawa mikono, nikapiga Bismillahi, nikala, naye akinitazama.