Kiangazi cha Nguba

Julai Bukavu haina theluji, lakini asubuhi hutoki bila sweta. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukungu umelalia Ziwa Kivu, na milima ya Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi haionekani. Vumbi limepaka kila jani kando ya barabara ya Nguba.

Mama mwenye kiwanja ananifungulia geti la bati. Shamba lake linateremka kwa ghafla hadi ziwani. "Papa, sikupandia ndege miti hii. Niliipanda nyumba isije ikaondoka na mvua." Anayeijua Bukavu haulizi zaidi.

Ndege wakajikaribisha wenyewe. Pembeni umesimama mti ambao Wanyarwanda huuita umuko, ule unaotajwa katika masimulizi ya Ryangombe aliyeuawa na nyati. Majani yote yamepukutika. Matawi ya miiba yamebaki na maua mekundu kama makaa. Chozi dume, mkia mrefu, rangi ya shaba iliyosuguliwa, anadumbukiza mdomo wake uliopinda, anahamia ua la pili, la tatu. Nimehesabu hadi la 11 anapokatiza mlo kumfukuza mwenzake.

Kwenye mforsadi kuna kundi la ndege wa kijivu, mikia mirefu kupita miili. Hawali bado. Wamening'inia matumbo yakilielekea jua, wakiota joto kwanza, kama wazee kwenye kibaraza.

Ulaya watu hupanda vichaka vya matunda mekundu kuwalisha ndege wakati wa baridi. Mbayuwayu wao, anayeishi kwa wadudu, hasubiri kichaka. Huikimbia baridi hiyo na kuja huku kwetu. Njaa ya hapa ni kiangazi, na mti unaotoa maua mvua ikiwa imekatika una thamani kubwa kuliko uzio mzima wa lantana, ambayo ndege huila na kuisambaza mpaka kwa jirani. Mimi ningeing'oa.

Juu ya mpapai, papai moja limetobolewa na shore.

"Hilo ni lao," anasema Mama. "Ngazi yangu haifiki."

Nikiaga, ananikatia kijiti cha umuko, urefu wa mkono. "Kichomeke mvua za Septemba zikianza." Nimekishika kwa uangalifu, miiba ikinichoma hata hivyo. Mwenye pikipiki anakitazama, kisha ananitazama mimi.

"Papa, dawa hiyo ni ya mgonjwa gani?"